Yaya Anajibu: Pointi moja ya Las Vegas

SWALI: Yambo Yaya. Mimi ni kijana wa Katuba, golikipa katika timu ya mtaa wetu. Juzi mjomba alituletea kwenye simu fainali ya mpira wa Kimarekani ya mwaka 2024, ile ya Kansas City na San Francisco iliyokwisha 25 kwa 22. Tuliiangalia watu sita. Mimi niliona watu wanagongana, wanasimama, wanagongana tena. Mjomba anasema San Francisco walipoteza kwa sababu ya kijana wao anayepiga kwa mguu, eti alikosa pointi ya bure kabisa. Nikamuuliza: pointi moja inawezaje kuua timu yenye pointi ishirini na mbili? Akasema nikuandikie wewe. Kama mjomba ana haki, sema tu.
Golikipa wa Katuba

JIBU: Mdogo wangu, mjomba wako nampa heshima yake yote, lakini kwa kijana yule amekosea. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma.

Usiku wenyewe naukumbuka. Jumamosi tarehe 10 Februari 2024 Léopards wetu, timu ya taifa ya Kongo, walipoteza nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika kule Abidjan: sufuri kwa sufuri na Afrika Kusini, halafu penalti, 6 kwa 5. Jumapili usiku tukawaangalia Côte d'Ivoire, wale wale waliotutoa sisi nusu fainali, wakiwapiga Nigeria 2 kwa 1 na kubeba kombe. Hapa kwetu Kampemba, Lubumbashi, mechi ilipokwisha watu waliingia ndani mara moja. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, mvua inapiga mabati, na mimi usingizi haukuja. Kila nikifumba macho naona penalti. Saa saba na nusu ya usiku fainali ya Wamarekani ikaanza kule Las Vegas. Nilikuwa na mega za kutosha na simu niliyoichaji kwa jirani mwenye sola. Nikajifunga kitenge mabegani, nikakaa barazani karibu na mbabula yenye makaa matatu yaliyobaki.

Wewe ni golikipa, basi nianzie mahali unapopajua. Faulo ikipigwa karibu na lango lako, ukuta wa wenzako unasimama mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Hizo ni yadi 10, na yadi 10 hizo hizo ndizo roho ya mpira wa Kimarekani. Timu yenye mpira, watu 11 kama sisi, inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikizipata, inaanza kuhesabu upya. Ikishindwa, mpira ni wa wenzao. Kusimama kule ulikokuona ndiko kupima: wamefika au hawajafika? Nimeona mechi nzima ikigeuka kwa upana wa kiganja.

Anayeufikisha mpira mwisho kabisa wa uwanja, au kuudakia humo, anaipatia timu yake pointi 6. Wanaiita tachidauni. Baada ya hapo wanapewa mpigo mmoja wa mguu wenye pointi 1, ndiyo hiyo mjomba anayoiita ya bure. Na timu iliyokwama njiani inaweza kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo mbili, ikapata 3.

Ya bure? Lango lako lina upana wa mita 7.32. Nguzo zao zimeachana mita 5.64 tu, na mpira unatakiwa upite juu ya mwamba ulio mita 3.05 kutoka chini. Ile ya pointi 1 inapigwa kutoka yadi 33, yaani mita 30. Baada ya kuisoma barua yako nilimchukua mtoto wa kaka yangu tukaenda uwanja wa vumbi nyuma ya shule. Nikahesabu hatua 33 ndefu kutoka golini, nikageuka. Nguzo zilikuwa zimekuwa nyembamba kama fito za kibanda. Sasa weka mbele yako wanaume wazito waliofunzwa kazi moja, kuinua mikono na kuuzuia mpira huo, na mwenzako ameushika kwa kidole kimoja chini, anakusubiri.

Kijana mwenyewe anaitwa Jake Moody. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika kazi hiyo. Mechi yao imegawanywa robo nne, na robo ya pili alipiga mpira wa yadi 55, zaidi ya mita 50, ukapita. Katika fainali zote za nyuma hakuna aliyekuwa amefunga kutoka mbali vile. Rekodi yake haikumaliza usiku, kwa maana robo ya tatu Harrison Butker wa Kansas City alipiga yadi 57. Mimi peke yangu gizani nilisimama nikapiga makofi mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Basi robo ya nne. San Francisco wako nyuma 13 kwa 10. Jauan Jennings anapokea pasi, anaingia na mpira, 16 kwa 13. Ni yule Jennings ambaye kabla ya hapo alikuwa amerusha mwenyewe pasi ya tachidauni kwa Christian McCaffrey. Mtu mmoja kurusha moja na kudaka moja katika fainali si jambo la kila mwaka. Moody anakuja kupiga ile ya pointi 1. Mkono wa Leo Chenal wa Kansas City unapenya juu ya ukuta, unaugusa mpira, unaanguka. Inabaki 16.

Hapa hesabu ya mjomba si mbaya. Kansas City walipata 3, wakasawazisha 16 kwa 16. Kama ingekuwa 17, bado wangekuwa nyuma. Zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 53, Moody huyo huyo akapiga yadi 53, 19 kwa 16. Butker akasawazisha tena zikiwa zimebaki sekunde 3. Kama San Francisco wangekuwa na 20, zile 3 za Butker zisingewaokoa Kansas City. Kwa njia hiyo ndiyo pointi moja inaua timu: inabadilisha kile mwenzako anachohitaji.

Lakini hesabu yote, usichague. San Francisco walipata pointi 22. Pointi 10 kati ya hizo zilitoka kwenye mguu wa Moody: yadi 55, yadi 53, yadi 27 katika muda wa nyongeza, na ile moja ya tachidauni ya kwanza. Kansas City walipata 25, na 13 zilitoka kwa Butker. Pointi 47 usiku ule, 23 ni za mguu! Mchezo ambao watu wetu wanasema ni wa mikono na mabega peke yake.

Tena kuna kitu kilichotokea robo ya tatu ambacho ningependa mrudie kukiangalia na mjomba, polepole. Kansas City wamekwama, wanaupiga mpira mbali kuwarudishia San Francisco. Mpira unatua, unadunda, unamgusa mguu Darrell Luter, mchezaji wa San Francisco aliyekuwa anakimbia kumzuia mpinzani na macho yake hayako kwenye mpira. Ukishamgusa mtu wa timu inayopokea, mpira ni wa yeyote atakayeuwahi. Mwenzake Ray-Ray McCloud akajaribu kuuokota, ukamteleza, na Jaylen Watson wa Kansas City akaulalia, yadi 16 tu kutoka mwisho. Jaribio lililofuata, pasi moja ya Patrick Mahomes, tachidauni. Pointi 7 kwa mguso ambao Luter mwenyewe labda hakuusikia kwenye soksi. Na kabla ya hayo yote Dre Greenlaw, beki wao mkali, alikuwa amekatika mshipa wa kisigino akiwa anakimbia tu kuingia uwanjani. Hakuna aliyemgusa. Nilimwona anakaa chini nikafikiri anafunga kamba za viatu.

Nimekuambia linaniuma, nikuambie na sababu. Kaka yangu mkubwa alicheza fainali ya mitaa huko Kenya, Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, nikiwa na miaka 12. Timu yake ilikosa magoli manne ya wazi, nilikuwa nimesimama pembeni ya uwanja nayahesabu kwa vidole. Ikafika penalti, yake ikagonga mwamba. Tulirudi nyumbani kwa miguu na hakuna mchezaji mwenzake hata mmoja aliyetembea pamoja naye. Viatu vyake alivitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko na hakuvivaa tena. Mama ndiye aliyevigawa miaka mitano baadaye. Yale magoli manne mpaka leo hakuna anayeyataja. Wewe ni golikipa, unajua watu wanakumbuka nini.

SWALI: Yaya, mimi ni mwalimu wa hesabu Ruashi. Katika fainali hiyo hiyo, San Francisco walishinda kura ya sarafu kabla ya muda wa nyongeza na wakachagua kuanza na mpira. Wanafunzi wangu wamegawanyika darasani. Walifanya vizuri au vibaya?
Mwalimu

JIBU: Mwalimu, salamu kwako na kwa darasa. Zamani kuanza kulikuwa faida kubwa, kwa kuwa ukipata tachidauni kwanza mechi imekwisha na mwenzako hajaugusa mpira. Januari 2022 Buffalo walitolewa hivyo na Kansas City, 42 kwa 36. Kelele zikawa nyingi, na mwaka ule ule sheria ikabadilishwa kwa mechi za mtoano: kila timu lazima ipate zamu yake. Fainali ya Las Vegas ilikuwa mechi ya kwanza kuchezwa kwa sheria hiyo, na fainali ya pili tu katika historia kufika muda wa nyongeza. Ya kwanza ilikuwa ya 2017, Atlanta waliongoza 28 kwa 3 wakapoteza 34 kwa 28. Aliyepanga mashambulizi ya Atlanta siku ile ni Kyle Shanahan, na kocha wa San Francisco Las Vegas ni huyo huyo Shanahan. Nilimhurumia sana.

Alieleza kwamba alitaka zamu ya tatu: timu zikilingana baada ya zamu mbili, atakayefunga tu ameshinda, na zamu hiyo ingekuwa yake. Ni hesabu, siikatai. Ila mimi naona alikosea. Sokoni anayetaja bei kwanza amemwonyesha mwenzake pa kuanzia. San Francisco walipata 3 tu, 22 kwa 19, na kuanzia hapo Kansas City walijua kwamba hakuna jaribio la kuweka akiba. Wakafika jaribio la nne, wakihitaji yadi 1, wakikosa ubingwa umekwenda. Mahomes akaukimbiza mwenyewe, yadi 8. Timu isiyojua bei ingeogopa kujaribu hapo. Majaribio 13, yadi 75, na mwisho pasi fupi ya yadi 3 kwa Mecole Hardman, ambaye hakuna aliyekuwa anamkaba. Simu yangu ilikuwa imebaki asilimia 4 na anga lilikuwa linaanza kupauka upande wa Ruashi.

Jambo jingine la kuwaambia wanafunzi: baada ya mechi baadhi ya wachezaji wa San Francisco walisema hawakuijua sheria mpya. Wale wa Kansas City walisema wameizungumza tangu kambi ya mazoezi.

SWALI: Yaya, kuna Mkongomani aliyewahi kucheza mpira huo kwa kulipwa?
Msomaji wa Bukavu

JIBU: Wapo, na ninayependa kumtaja ni Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1974 na kukulia Canada. Akiwa chuo kikuu cha Michigan, Novemba 1995, alikimbia na mpira yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State, ambao walikuwa hawajafungwa msimu mzima. Michigan wakashinda 31 kwa 23. Yadi hizo ni mita 286, na kila mita kuna mtu anayetaka kukulaza chini. Mwaka 1996 Carolina Panthers walimchagua akiwa wa 8 kati ya vijana wote wa mwaka ule, akawachezea mpaka 2001, ingawa majeraha yalimla miaka mingi.

SWALI: Fainali inaanza saa ngapi kwetu? Nimechoka kusikia matokeo asubuhi.
Msomaji wa Kamalondo

JIBU: Jumapili ya pili ya Februari, saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa saa yetu ya Lubumbashi, Goma na Bukavu ni saa hiyo hiyo, Kinshasa ni saa sita na nusu. Lala tangu saa mbili jioni, uchaji simu mchana umeme ukiwapo, na uweke mega za saa nne, maana ile ya 2024 ilipita hata hapo.