Ukileta Teknolojia Mpya Kijijini, Anza na Maswali ya Wanakijiji

Oktoba 2016 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa kwa majaribio Makutupora, hapa Dodoma, ili ipatikane mbegu inayostahimili ukame. Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame, na mapema 2021 yakafutwa. Wakulima niliozungumza nao Chamwino na Bahi, watu ambao mvua ikikatika Februari ndio wanaolala njaa, habari za kuanza walizipata redioni, na za kusimama redioni vilevile. Uiunge mkono mbegu ile au uipinge, hilo linauma.

Nimesimamia vikao vya wakulima kuhusu mbegu, na siku hizi kuhusu programu za simu zinazotoa ushauri wa kilimo kwa akili mnemba. Wewe mtafiti, mtendaji au mtu wa shirika, nakusihi usiende kijijini kuuliza "mnakubali?" Kwa adabu tu watu watakubali, na hutakuwa umejua lolote. Mpe mtaalamu muda mfupi, kisha waache wenyeji waulize hadi wachoke.

Chamwino, mtaalamu alipomaliza habari za ukame na wadudu, bibi mmoja alifungua fundo la kanga akatoa punje za mtama. "Mwanangu, hizi nimezitoa kihengeni. Hayo mahindi yako nayo nitayatunza nipande mwakani?" Akajibiwa ukweli: ni chotara, mbegu yake hununuliwa kila msimu. Kikao kikageuka palepale. Bei gani? Duka la pembejeo liko wapi? Mvua ikigoma, deni la nani? Kwenye makaratasi ya mtaalamu hayo hayakuwemo, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Kwamba mkulima wa kawaida haya hayawezi, sikubali. Januari 2006 huko Sikasso, Mali, wakulima walikaa siku kadhaa wakiwahoji wataalamu wa pande zote mbili kuhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba, kisha wakatoa uamuzi wao: hapana. Zingatia hilo la pande zote mbili. Ukileta msemaji mmoja umeleta tangazo la biashara.

Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria na hukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo huna haja ya kubuni chombo kipya. Ila usiutegemee peke yake, maana pale wazee na wenye sauti ndio husikika. Kaa kwanza na akina mama peke yao, na vijana peke yao. Usiite watu Desemba hadi Aprili, wako shambani, subiri wavune.

Maswali yaandikwe kwenye muhtasari kwa maneno yao wenyewe, nakala ibaki kwa mwenyekiti. Ukirudi, soma swali moja moja mbele yao na useme limebadilisha nini kwenye mpango wako. Lisilobadilisha kitu, eleza sababu, na aliyeuliza apewe nafasi ya kukujibu.