Fidia ya ubaguzi hulipwa kutoka mfuko gani?

SWALI: Ndugu mhariri, naishi Marekani katika nyumba za umma na natumia kiti cha magurudumu. Niliishtaki mamlaka ya nyumba kwa ubaguzi. Sasa wanataka suluhu, ila wakili wao anasema fedha za serikali kuu haziruhusiwi kunilipa. Ni kweli, au nazungushwa?

JIBU: Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo isikufanye ukubali kidogo. Wizara ya nyumba, HUD, huipa mamlaka mfuko wa uendeshaji na mfuko wa mtaji, yaani wa ukarabati na ujenzi. Kanuni ya gharama za ruzuku, 2 CFR 200.441, inakataza ruzuku kulipia faini, adhabu, fidia na suluhu zinazotokana na kuvunja sheria, isipokuwa HUD iwe imeridhia kwa maandishi kabla ya malipo. Wakilipa kwanza, mkaguzi huikataa gharama hiyo na fedha hurudishwa.

Hata hivyo, katazo halifuti deni lao. Linaeleza tu mfuko usioguswa. Fidia yako itoke kwenye bima yao au mapato yasiyo ya ruzuku. Kodi za wapangaji hazisaidii, maana nazo ni fedha za mradi wa nyumba za umma.

Marekebisho ya nyumba ili ikufae na kiti chako ni habari nyingine kabisa. Kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu (Rehabilitation Act) kinaibebesha mamlaka gharama hiyo, isipokuwa ithibitishe kuwa ni mzigo uliopindukia. Kwa hiyo mlango wenye nafasi wazi ya inchi 32, njia ya mteremko wa 1 kwa 12 na vyuma vya kushikia bafuni ni matumizi halali ya mradi, na mfuko wa mtaji unaweza kuvilipia.

Suluhu nyingi hukwama hapa: mkataba unataja kiasi kimoja "kwa madai yote". Mhasibu hawezi kutenganisha fidia na ujenzi, basi anazuia vyote. Dai sehemu mbili: fidia, ikitajwa chanzo chake na siku ya kulipwa, na kazi, ikitajwa vipimo na tarehe ya kukamilika. Kama wanategemea kibali cha HUD, waambatanishe barua yenyewe. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Usiondoe malalamiko kabla hayo hayajaandikwa kwenye mkataba. Chini ya sheria ya 1968 inayokataza ubaguzi katika makazi (Fair Housing Act), una mwaka 1 wa kulalamika HUD na miaka 2 ya kwenda mahakamani, na muda shauri likiwa HUD hauhesabiwi katika hiyo miaka 2.