Kaseti ya juu na kaseti ya mbele

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine mbili za zamani za gemu za Nintendo. Famicom, nyeupe na nyekundu, huchomekwa kaseti kwa juu. NES ya kijivu huimeza kwa mbele, na siku hizi taa yake inawaka na kuzimika mpaka nipulize kaseti. Mbona ile ndogo, iliyokaa kama mwanasesere, haisumbui?

JIBU: Marahaba. Hiyo unayoiona mwanasesere ndiyo iliyobuniwa vizuri, na nakwambia hivyo ingawa mimi mwenyewe niliipenda ya kijivu kwanza.

Famicom ilitoka Japani mwaka 1983. Ilipofika zamu ya Marekani mwaka 1985, soko la gemu huko lilikuwa limeshaanguka na wenye maduka wameungua vidole. Basi mashine ikaitwa NES na kuvalishwa umbo la deki ya video, mlango mbele na kila kitu. Sura nzuri, lakini fungua skrubu uone gharama yake: trei yenye springi, na nyuma yake soketi ya pini 72. Kila ukibonyeza kaseti chini, pini zinapinda kidogo. Miaka ikienda zinalegea.

Halafu kuna chipu ndogo ya ulinzi inayosalimiana na mwenzake aliye ndani ya kaseti. Salamu isipojibiwa, inaizima na kuiwasha mashine karibu kila sekunde. Ndiyo hiyo taa yako.

Famicom haina chipu hiyo. Kaseti inashuka wima, pini zinabana pande zote mbili, basi. Ubaya wake ni pedi za kuchezea: waya zake zimeungwa ndani kwa ndani, tena fupi, na ukikatika huna budi kufungua mashine nzima. (Pedi ya pili ina maikrofoni lakini haina kitufe cha kuanzia. Sijawahi kuwasamehe.)

Mwaka 1993 Nintendo ilitoa NES nyingine: kaseti juu, chipu hakuna. Mimi sihitaji shahidi mwingine.

Acha kupuliza, unyevu wa pumzi unaleta kutu. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua meno ya kaseti mpaka pamba itoke safi, kisha chomoa soketi na uirudishe mara kadhaa. Usikimbilie soketi mpya. Niliwahi kufunga moja inayobana mno, nikavuta kaseti na trei ikanifuata.