Mikoko ya Mombasa huanza kukatwa kwenye ramani

Kila tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhioevu Duniani ikifika, hori ya Tudor, mkono wa bahari uliopenya hapa Mombasa, hupata wageni. Huja na fulana mpya, miche ya mkoko kwenye ndoo, mpiga picha na maji ya chupa. Huzama topeni hadi magotini, wakacheka, wakapanda, na kufika saa sita wameshaondoka. Sina ugomvi na miche. Ila kwa miaka yote niliyokaa huku Mikindani, nikifuatana na majirani kwenye mabaraza na ofisi za ardhi, sijaona msitu uliomalizwa na uhaba wa miche. Niliyoyaona ni ramani zilizochorwa bila sisi kuulizwa, vibali vilivyotoka kimyakimya, na malori ya kifusi yanayopenda kuja Jumamosi jioni, ofisi zikiwa zimefungwa.

Nawaandikia wanaoishi karibu na mikoko, kijito au bwawa la msimu, wakaona dalili za kuvamiwa wasijue pa kuanzia. Wahini kwenye hatua ya makaratasi. Kifusi kikishamwagwa, hakuna anayekuja kukizoa.

Yajue maji kabla ya sheria

Barua nyingi za malalamiko hazifiki mbali kwa sababu mwandishi hawezi kuonyesha maji yanafika wapi. Chukua simu yako uende siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yakiwa yamejaa kabisa. Piga picha zenye tarehe, pamoja na kitu kisichohama: nguzo ya stima, ukuta wa msikiti, jiwe la mpaka la mpima ardhi. Rudi masika, mvua ikipiga usiku kucha, upige tena kutoka palepale.

Soma na miti. Mlilana husimama mbele, ukingoni mwa maji. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake, halafu mkandaa. Mchu unaweza kuukuta hata mbali upande wa nchi kavu, mfupi, mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni kama penseli. Dalali akikuambia ploti ni kavu, na mbele yenu pana mizizi ya mchu, bahari hufika hapo. (Ndiyo sababu pia miche mingi ya sherehe hufa: watu hupanda mkoko mahali pa mlilana kwa kuwa mbegu za mkoko ni rahisi kuokota.)

Lingine la kujua ni kwamba kinamasi huweza kuuawa na jambo lililotokea mbali. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara hadi hori ya Mwache, ukafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa imesimama bila kuguswa na shoka. Hapa Tudor hali haikuwa nafuu. Watafiti waliolinganisha picha za kutoka juu walikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mikoko ya hori hii ilipotea kati ya 1992 na 2009. Sababu ni nyingi na zimekamatana: kuni, nguzo za ujenzi, tope, majitaka, nyumba. Ukitetea kinamasi chako, basi, uliza pia kinachojengwa kwenye mteremko ulio juu yake.

Hatimiliki isikutishe

Siku moja atatokea mtu na hatimiliki mkononi, na wazee wa mtaa watanyamaza. Msinyamaze. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Misitu ya mikoko ya pwani yote ilitangazwa hifadhi ya serikali tangu 1932, na tangazo lingine likatolewa 1964. Kanuni za upimaji za 1994 zinataka ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa utengwe kwa kawaida, pale ardhi ya serikali iliyopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe. Kwa mito, kanuni za ardhioevu za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zimeweka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande, kuhesabu kutoka pale mafuriko makubwa yaliyorekodiwa yalipofika.

Kwa hiyo jiwe la mpaka lililosimama katikati ya tope ni swali, na swali hilo lina mahali pa kulipeleka. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema wazi kuwa ulinzi wa mali hauihusu mali iliyothibitishwa kupatikana kinyume cha sheria. Kuthibitisha ni kazi ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi na mahakama. Vijana wakienda kung'oa mawe usiku, kesho yake kesi inakuwa yao wao, na habari ya mikoko inasahaulika.

Nawe unayetaka kununua, fanya sachi (ukaguzi wa rekodi za ploti) kwenye ofisi ya ardhi, kisha umtafute mpima aliyesajiliwa wa kwako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Uliza pia jirani mzee. Bei ikiwa rahisi mno karibu na hori, maji yameshahesabiwa ndani ya bei hiyo.

Rangi kwenye ramani

Hapa ndipo ningependa nguvu zenu ziende. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaeleza jinsi mipango ya kaunti na ya maeneo madogo inavyoandaliwa, inavyotangazwa na inavyopingwa. Rasimu ya mpango huwa na ramani yenye rangi: makazi, viwanda, barabara, hifadhi. Kitafute kinamasi chenu uone kimepakwa rangi gani.

Kikipakwa rangi ya viwanda, na mpango ukapita, atakayekuja baadaye kuomba kibali cha bohari atakuwa anafuata sheria. Utamlilia nani? Mtakuwa mnapambana na kibali halali, tena dhidi ya mtu mwenye wakili. Laini ile ya ramani ingeweza kusogezwa kwa barua ya ukurasa mmoja wakati rasimu ilipokuwa wazi kwa maoni.

Barua yenyewe isiwe ya kulaani. Taja namba ya ploti au jina la mahali, ambatisha picha za bamvua, chora ramani ndogo hata ya mkono, kisha omba jambo moja linaloweza kutekelezwa: ukanda kutoka hapa hadi pale uandikwe hifadhi, au njia ya maji ya mvua isijengwe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Barua isiyo na muhuri haijawahi kuandikwa, ukiwauliza maofisa.

Tahadhari na karatasi ya mahudhurio. Kwenye mkutano wa maoni ya umma utapewa uandike jina, namba ya kitambulisho na sahihi kabla ya soda na nauli. Nimewahi kusoma ripoti ya mradi mmoja ambamo karatasi kama hiyo iliambatishwa nyuma kuonyesha kwamba wakazi walishirikishwa, na waliopinga kwa mdomo hawakutajwa. Tangu siku hiyo huandika pembeni ya jina langu: nimehudhuria, napinga, sababu ziko kwenye barua. Nafasi ni finyu lakini inatosha.

Mradi mmoja mmoja nao una mlango wake. Mradi mkubwa lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, hutangaza ripoti gazetini ili watu watoe maoni, mara nyingi kwa siku 30. Msihangaike na kurasa zote, ambazo nyingi zinaeleza hali ya hewa ya Mombasa kana kwamba hatuijui. Tafuteni mambo haya: kifusi kinatoka wapi, maji ya mvua yataelekezwa wapi, na njia ya bamvua itabaki wazi kiasi gani. La mwisho ni kubwa. Pale Makupa, tuta la barabara lilibana maji ya bahari kwa miongo mingi, upande wa Kibarani ukachacha, mpaka daraja lilipofunguliwa 2022 na maji yakapata kupita chini yake. Kudai daraja au makalavati mapana kwenye mchoro ni rahisi kuliko kubomoa tuta.

Leseni ya NEMA ikishatoka

Bado kuna njia, ila sasa saa inahesabu. Rufaa kwa Baraza la Rufaa za Mazingira hupelekwa ndani ya siku 60. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapa Mombasa, na Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara.

Lakini mahakama ina mwendo wake. Majirani zetu wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walifungua kesi 2016, wakashinda 2020 na kupewa shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaja kuwarudishia Desemba 2024. Walishinda, na nawapongeza. Miaka minane, hata hivyo, ni mingi kwa mtoto anayekua pale.

Msiwafukuze walio maskini

Ukianza kazi hii, utasukumwa umwone adui katika mama anayekata kuni za mkandaa, au baba aliyejaza takataka na maramu ili apate chumba kimoja cha kulala. Sikubali. Huyo ndiye hubomolewa kwanza, huku ukuta wa bohari jirani ukibaki wima. Sehemu kubwa ya mji huu haina mabomba ya majitaka, na choo cha shimo kandokando ya hori humwaga kule kule wanakozaliana kamba. Kwenye maoni yenu ombeni na hayo: bomba la majitaka, mahali pa kutupa taka, shamba la miti ya kuni.

Gazi, kule Kwale, wametuonyesha kwamba mikoko iliyosimama huweza kuleta fedha. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unalinda hekta 117, na mapato ya hewa ya kaboni yamesaidia maji na shule kijijini. Msingi wake ni makubaliano ya jamii na Shirika la Misitu. Sheria ya misitu ya 2016 inaviruhusu vyama vya jamii kuomba kusimamia msitu pamoja na Shirika, kwa hiyo nanyi jiungeni kama chama kilichosajiliwa badala ya kundi la WhatsApp peke yake.

Kundi la WhatsApp nalo lina kazi. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa na husomeka bure mtandaoni. Chagueni kijana mmoja alipekue kila wiki akitafuta Mombasa, Jomvu, Kisauni, Likoni, na jina la mtaa wenu, akikuta kitu akitume na tarehe ya mwisho ya maoni. Matangazo mengi ni ya Kiingereza kigumu, kwa hiyo ombeni ofisi iwape muhtasari kwa Kiswahili. Barua yenu pia iandikeni kwa Kiswahili, lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba. Namba za ploti tu ndizo mziandike kama zilivyo kwenye hati, nukta na mikwaju yote.