Shangazi, namfokea binti yangu kila jioni

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume miaka 3. Tuliachana na baba yao, huyo mdogo akiwa bado ananyonya. Nikitoka kazini nimechoka hoi, na jambo dogo tu linanipandisha hasira: kiatu hakionekani, maziwa yamemwagika. Namfokea mkubwa hadi anatetemeka. Juzi niliona soli ya kiatu chake imeachia, naye kaifunga kwa uzi bila kuniambia. Nilipomuuliza akasema, "Nilijua huna hela, mama." Nililia usiku kucha. Ndugu zangu wanasema niliyataka mwenyewe. Baba yao hutuma matumizi akijisikia. Je, mimi ni mama mbaya?*
*Mama Aliyezidiwa*

Marahaba, mwanangu. Swali lako nalijibu kwanza ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia: la, wewe si mama mbaya. Unafanya kazi ya watu wawili, na unaifanya ukiwa na usingizi machoni. Ila sitakuficha, katika yote uliyoandika, huo uzi wa kiatu ndio ulioniuma zaidi, kuliko hata habari za baba yao.

Mtoto wa miaka 9 anayepiga hesabu za mfuko wa mama yake amejitwika mzigo wa mtu mzima. Ukiingia mlangoni anakusoma uso kwanza, apime kama leo aseme au anyamaze. Watu watamsifu: mtoto mwelewa huyu, hasumbui, anamlea mdogo wake. Mimi sifa hizo hunitia wasiwasi. Mtoto akizoea kuficha shida ya kiatu, ataficha na kubwa zaidi siku mtu atakapomtendea vibaya.

Kwa hiyo kaa naye, ninyi wawili tu, mdogo akishalala. Mwambie: "Viatu ni kazi yangu. Hela iwepo isiwepo, wewe niambie. Kutafuta ni juu yangu." Mweleze ukweli kwa kiasi chake: mwezi huu hela ni kidogo, kiatu tutanunua mshahara ukitoka. Akijua ni lini, atatulia. Habari za madeni na ugomvi wako na baba yake usimpe. Wala usimtume kumwomba baba hela, hata kama baba humsikiliza yeye kuliko wewe. Kukunja nguo na kupanga vitabu vyake ni sawa, ni malezi. Kumwogesha mdogo na kumlaza kila siku si kazi yake.

Na umwombe radhi. Wapo wanaoona mzazi akimwomba mtoto radhi amejishusha. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, ambaye tangu miaka ya 1970 amechunguza mama na watoto wachanga, alionyesha kwamba hata mama na mtoto wanaopendana hupishana mara nyingi kwa siku. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana baada ya kupishana. Basi mwambie, "Nilikufokea kwa ajili ya maziwa. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu si kosa lako." Uishie hapo. Ukiongeza "lakini na wewe", umefuta yote.

Angalia pia saa ya kufoka kwako. Inaelekea ni ile nusu saa ya kwanza ukishaingia nyumbani, njaa yako na yao vimekutana mlangoni. Usianze kuuliza habari za daftari wala vyombo. Badili nguo, kunywa maji, keti nao chini kidogo simu ikiwa mbali. Viatu na mikoba vitafutwe usiku, si asubuhi. Halafu walale mapema: wa miaka 9 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na wa miaka 3 saa 10 hadi 13 ukijumlisha wa mchana. Wakishalala nawe lala, maana mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Vyombo vikilala bila kuoshwa si aibu.

Ndugu wanaosema uliyataka mwenyewe, usibishane nao. Chagua mmoja mwenye moyo, umwombe jambo moja lenye siku yake: "Jumamosi asubuhi nikuletee watoto hadi mchana?" Ukisema tu "nimechoka", utaambiwa pole. Kama kazini yupo mama mwingine anayelea peke yake, pokezaneni watoto, hamtadaiana fadhila.

Sasa baba yao. Matumizi si zawadi ya kutolewa mtu akijisikia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 18, unasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto. Kifungu cha 27 kinazitaka nchi zihakikishe mzazi anatoa matunzo, hata akiwa anaishi nchi nyingine. Mwandikie ujumbe wa simu usio na matusi: kiasi gani, tarehe gani, kwa ajili ya nini. Tunza risiti na kila alichotuma. Akikaidi, peleka kumbukumbu hizo ustawi wa jamii au mahakamani. Na kama aliwahi kukupiga, usimfuate mwenyewe, pitia huko huko.

Lipo jambo moja hukuliandika, nami naliuliza. Kulia usiku mmoja ni kawaida. Lakini kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumekukaa karibu kutwa, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, huenda ni sonona. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Nenda kituo cha afya umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Ukijikuta unawaza kujidhuru au kuwadhuru watoto, usingoje kesho: waache kwa mtu unayemwamini, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Anza na binti, baba yao afuate. Ukishamwandikia, nitumie alichojibu, tuangalie pamoja hatua inayofuata.

Shangazi yako