Kaseti za Marehemu Baba: Nizitunze au Nizihamishie Kwenye Kompyuta?

SWALI: Asalaam aleikum. Baba yetu alipofariki mwaka jana alituachia masanduku matatu ya muziki: kaseti kama 140, santuri ndogo zipatazo 30, na CD chache alizonunua uzeeni. Humo mna bendi za hapa kwetu, Atomic na Jamhuri, mna taarabu za Black Star na Lucky Star, na mna kaseti nyingi alizorekodi mwenyewe harusini na redioni, nyingine hazina hata maandishi. Kaka yangu aliyeko Muscat ananiambia nitupe vyote kwa kuwa muziki wote siku hizi uko kwenye simu. Mume wangu hasemi nitupe, ila anauliza masanduku yatakaa sebuleni hadi lini. Mimi husikiliza kwa simu na kispika cha Bluetooth, na redio kaseti ya baba sasa inatafuna kanda. Je, nihamishie vyote kwenye kompyuta kisha nigawe kaseti, au nivitunze kama vilivyo?
Dada wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Mungu amrehemu mzee, na poleni sana. Kabla hujanunua waya wala diski, naomba utenganishe kwanza yaliyomo masandukuni, kwa sababu swali lako limeyachukulia yote kuwa kitu kimoja. Santuri iliyochapwa kiwandani ina ndugu zake waliotawanyika Nairobi, Mombasa na kwingineko. Kaseti aliyoirekodi mzee kwa mkono wake, akiwa amekaa karibu na spika ya harusi, haina ndugu. Hiyo ikiharibika, hakuna duka wala programu ya simu itakayokurudishia.

Kaka yako hajakosea kabisa. Keti jioni moja na simu, utafute kwenye Boomplay, Spotify au YouTube majina yaliyochapwa kwenye majalada ya kaseti za dukani. Nyimbo nyingi za bendi za Tanga utazikuta, baadhi zikiwa na majina yaliyokosewa, na baadhi zikiwa zimewekwa na wapenzi wa muziki waliozinakili kutoka santuri zilizochakaa kuliko za mzee. Zile zinazosikika vizuri huna haja ya kukesha ukizinakili. Ila elewa kwamba hapo umepanga, hujanunua: mwenye haki akiuondoa wimbo wake, au ukiacha kulipia, au bando likiisha, muziki ule hauko tena kwako. Kwa wimbo unaousikiliza ukiwa jikoni hilo halina uzito. Kwa wimbo ambao mama yako alitolewa nao ukumbini siku ya harusi yake, lina uzito.

Kuhusu santuri nitasema machache. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania kwa ajili ya matangazo, na santuri zao zikachapwa Kenya. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza ukaishia mashairi yanapokaribia kumalizika, nawe ukalazimika kuinuka na kuigeuza santuri ndipo magita yaanze kuchemka. Mimi nimezeeka na tabia hiyo, na hata leo nikisikiliza wimbo mzima kwenye simu, mwili hutaka kuinuka katikati. Santuri haizeeki kwa kukaa tu, mradi imesimama wima na iko mbali na jua. Adui zake ni joto, vumbi na sindano mbovu. Zako 30 zikisimama pamoja hazizidi upana wa kiganja, na sidhani kama shemeji atazilalamikia. Zitunze.

Kazi yenyewe iko kwenye kaseti. Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita 4, nao hupita kwenye hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma sauti, kwa mwendo wa chini kidogo ya sentimita 5 kwa sekunde, na katika ukanda huo mwembamba zimebanwa njia nne za sauti, mbili za upande huu na mbili za upande wa pili. Ndiyo maana hedi iliyopinda kidogo tu huifanya fidla isikike kana kwamba imefunikwa blanketi, ilhali muziki wote bado umo. Chukua kaseti moja, iinue kwenye mwanga, uitazame kupitia kidirisha chake. Utepe mzuri ni wa kahawia au mweusi unaong'aa sawasawa. Ukiona unga mweupe umetanda kwenye kingo za duara lililoviringwa, huo ni ukungu wa unyevunyevu wetu wa pwani, na kaseti hiyo isiingizwe mashineni, kwa sababu itaichafua hedi na kuziambukiza zitakazofuata. Itenge kwenye mfuko wake, umpelekee fundi anayejua kufungua kaseti na kusafisha utepe. Tazama pia kipande kidogo cha sufi kilicho katikati ya mdomo wa kaseti, kile kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Kikiwa kimebanduka, wimbo utasikika kwa mbali hata kama utepe ni mzima, na dawa yake ni kuuhamishia utepe kwenye ganda jingine. Kaseti za dakika 120 zishughulikie kwa upole zaidi, kwa kuwa utepe wake ni mwembamba na huvutika upesi.

Redio ya mzee usiitumie mpaka itengenezwe. Redio kaseti hutafuna kanda pale mpira unaousukuma utepe unapokauka au kuchafuka, au belti inapolegea hata upande wa kupokea usiweze kuviringa tena, huku utepe ukiendelea kusukumwa ndani. Fundi mzuri wa redio atabadilisha belti kwa bei isiyotisha. Hedi na mpira huo visafishe kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kila baada ya kaseti chache. Utashangaa rangi ya pamba. Vile vichezeo vidogo vya kaseti vinavyouzwa pamoja na waya wa USB sivipendekezi, kwa sababu mwendo wa mashine yake huyumba na sauti ya mwimbaji huyumba nao. Deki kuukuu iliyotengenezwa vizuri inavishinda kwa mbali. Kando ya hedi kuna skurubu ndogo: mwombe fundi aigeuze taratibu huku kaseti ikicheza, mpaka herufi "s" katika maneno ya mwimbaji isikike wazi. Hatua hiyo moja itakufaa kuliko programu yoyote ya kusafisha sauti.

Kisha unganisha tundu la hedifoni la redio na kompyuta kwa waya, na kama kompyuta yako haina tundu la kuingizia sauti ila la maikrofoni peke yake, nunua kifaa kidogo cha sauti cha USB. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekebisha kiwango cha sauti ili vilele visiguse juu kabisa, kwa kuwa sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haiponi. Na nakuomba sana usiondoe mvumo wa kaseti kwenye nakala ya kwanza. Niliwahi kupeleka kanda zangu tano kwenye studio moja, wakanirudishia muziki usio na mvumo wala uhai: pamoja na ule mvumo walikuwa wameondoa vigelegele na nusu ya fidla. Nakala ya kwanza ibaki na kila kitu. Ukitaka kusafisha, safisha nakala ya pili.

Sasa kuhusu aina ya mafaili. Sauti ikihifadhiwa bila kubanwa, kwa kiwango kile kile cha CD, huchukua takribani megabaiti 10 kwa dakika. Kaseti 140 za saa moja moja zitafika gigabaiti 84 hivi. Ukizihifadhi katika FLAC, ambayo hubana bila kupoteza chochote, zitashuka hadi karibu nusu yake. MP3 ya kilobiti 320 itazipunguza hadi gigabaiti 20, na kwa kweli kwenye kispika chako cha Bluetooth hutasikia tofauti. Hata hivyo nakushauri utunze FLAC, kisha utengeneze MP3 kwa ajili ya simu. Sababu ni ile ile waliyoijua watu wa enzi za kaseti: tulipodurufu kutoka kwa jirani aliyedurufu kutoka kwa jirani, mvumo uliongezeka kila mkono. MP3 inayobanwa upya hupoteza vivyo hivyo, ila FLAC ikinakiliwa mara mia hubaki ile ile.

Jambo linalowachosha wengi ni muda. Kaseti hunakiliwa kwa mwendo wake wa kucheza, hivyo una saa 140 mbele yako. Kaseti moja kila jioni ni miezi minne na nusu na ushei. Usianze na zile unazozipenda, anza na zile ambazo hazina maandishi, na uzipige shangazi zako na wazee wa mtaani wakiwapo, kwa sababu wao ndio watakaokuambia kuwa hii ni harusi ya nani na mpiga ganuni alikuwa nani. Kila faili lipe jina, mahali na mwaka kama unajulikana, na upige picha jalada lenye mwandiko wa mzee uiweke pamoja na sauti. Kumbuka pia kwamba kunakili kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja, na kuziweka nyimbo hadharani mtandaoni ni jambo jingine. Waimbaji au warithi wao wana haki zao.

Je, baada ya hapo ugawe kaseti? Za dukani, ndiyo, kwa yeyote atakayezithamini. Alizorekodi mzee mwenyewe, hapana. Nasema hivi kwa kuwa yamenikuta. Mwaka 2013 nilimaliza kuhamisha kaseti zangu 60 kwenye diski moja ya nje, nikawagawia jamaa kaseti zote kwa furaha ya mtu aliyepata nafasi kabatini. Miezi minane baadaye diski ilidondoka kutoka mezani, kimo cha goti tu, ikaanza kulia tik, tik, tik. Fundi aliisogeza sikioni, akatikisa kichwa. Nikaanza kuwazungukia jamaa nikiomba nilichowapa. Nilirudishiwa kaseti 22, na mojawapo ilikuwa imerekodiwa mahubiri juu yake. Kaseti iliyosahauliwa sandukuni kwa miaka 20 mara nyingi bado huimba. Faili halivumilii kusahauliwa kiasi hicho: diski hufa, flashi hupotea, simu huibiwa. Anayechagua mafaili amechagua pia kazi ya kuyanakili upya kila baada ya miaka michache, na kama hiyo si tabia yako, ni afadhali ujue mapema.

Kwa hiyo weka nakala moja kwenye kompyuta na ya pili kwenye diski ya nje isiyokaa chumba kimoja na kompyuta. Kaseti za mzee zisimamishe kwenye boksi lenye kifuniko, zikiwa zimeviringwa hadi mwisho, zisiguse sakafu wala ukuta wa nje, na zisikae karibu na sumaku ya spika. Nakala ya tatu itie kwenye flashi ya gigabaiti 64, umpe msafiri wa kwanza anayekwenda Muscat. Kaka yako akiisikia sauti ya baba akikohoa karibu na maikrofoni kabla udi haujaanza, utaona kama atarudia kusema utupe.

SWALI: Nina CD za taarabu nilizozinunua kwa wachuuzi miaka ya 2000. Zinarukaruka na nyingine hazisomeki kabisa ingawa hazina mikwaruzo. Nifanye nini?
Msomaji, Majengo, Mombasa

JIBU: Zigeuze uzitazame chini. Zikiwa na rangi ya fedha tupu, zilichapwa kiwandani, na huenda mashine yako ndiyo iliyochafuka. Zikiwa na ukijani, ubluu au uzambarau, hizo ni CD za kuchoma: muziki wake umeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa mwanga na joto hata kama uso haujaguswa. Zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, kisha uzinakili leo hii kwa kutumia kompyuta zaidi ya moja, kwa kuwa CD inayokataliwa na mashine moja mara nyingine husomwa na nyingine. Usizichome upya kwenye CD mpya.

SWALI: Nina umri wa miaka 24 na nataka kuanza kununua santuri. Wenzangu wanasema sauti yake ni bora kuliko ya simu. Ni kweli?
Kijana wa Nairobi

JIBU: Kwa vipimo, si kweli: CD hukamata sauti kwa usafi kuliko santuri, na santuri nyingi mpya huchapwa kutoka mafaili ya kompyuta. Kilicho kweli ni kwamba mtu aliyeweka santuri huketi akaisikiliza. Kama unachotaka ni muziki wa zamani wa Afrika Mashariki, basi nunua, kwa sababu zipo nyimbo ambazo hazikutolewa tena baada ya santuri ya kwanza, na Soko la Kenyatta limejulikana kwa santuri kuukuu. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi ya Siti binti Saad na wenzake waliosafiri hadi Bombay kurekodi mwaka 1928, ziache kwanza. Zinavunjika kama sahani na zinahitaji sindano yake pana. Kwa za mizunguko 45, beba kipachiko cha tundu kubwa la katikati, iinamishe santuri kwenye mwanga uone mikwaruzo, kisha mwombe muuzaji aipige mbele yako. Aanze na upande wa pili: ndiko kwenye lile chemko la magita, na ndiko sindano za watu zilikopita sana.