Kwa mnaoanza kushika chupa ya mafuta

Bwana asifiwe, wapendwa. Nawaandikia watenda kazi wapya wa hapa Dar, hasa ninyi mliomaliza madarasa ya huduma juzijuzi na sasa mnasimama mbele siku za maombezi. Tunawapenda, na bidii yenu ya mikesha inatutia moyo. Lakini kila kundi jipya likiingia, makosa ni yale yale: mtu anashika kipaza sauti, ananguruma, anasukuma watu paji la uso mpaka waanguke, halafu wenzake wanasema "leo upako umeshuka". Tuelewane mapema.

1. Upako ni Roho Mtakatifu anapomtenga mtu na kumwezesha kwa kazi ya Mungu. Mafuta ni ishara yake. Daudi alimiminiwa pembe ya mafuta Bethlehemu, na 1 Samweli 16:13 inasema Roho ya BWANA ikamjilia kwa nguvu tangu siku ile. Hakukalia kiti cha enzi wiki hiyo. Alirudi kwa kondoo, akampigia mfalme Sauli kinubi, akakimbizwa nyikani, akatiwa mafuta mara ya pili Hebroni juu ya Yuda, na ya tatu juu ya Israeli yote. Alipoanza kutawala alikuwa na miaka 30. Kwa hiyo ukipangiwa kupanga viti mwaka mzima kabla ya kupewa mimbari, usinung'unike kwamba wanakuzimia upako.

2. Petro, nyumbani kwa Kornelio, alisema Mungu alimtia Yesu mafuta kwa Roho Mtakatifu na nguvu, naye akazunguka akitenda kazi njema (Matendo 10:38). Pale mto Yordani, Yesu alipobatizwa na Roho akamshukia, hapakuwa na chupa. Na 1 Yohana 2:20 na 27 inawaambia waumini wote kwamba wanao upako, mama muuza vitumbua pamoja na askofu. Msiligawe kanisa.

3. Sasa mafuta yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Kutoka 30 inataja vya kutengenezea mafuta matakatifu: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (mwanzi wenye harufu nzuri) 250, kida (gome lenye harufu nzuri) 500, pamoja na mafuta ya zeituni. Shekeli 500 ni karibu kilo 6. Yalikuwa ya kuitakasa hema ya ibada, vyombo vyake, na makuhani, Haruni na wanawe. Mstari wa 32 na 33 unakataza kuyaiga, na anayeyaiga anakatiliwa mbali na watu wake. Basi anayewauzia watu "mafuta ya Haruni" anavunja andiko lile lile analolinukuu.

Ubaya unaanza pale imani ya mtu inapohamishwa taratibu kutoka kwa Kristo na kuwekwa kwenye kitu. Leo ni tone la mafuta, kesho maji, keshokutwa stika ya mlangoni. Mwisho wake tuliuona Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako na 20 wakafa kwa kukanyagana. Walikuwa watu wenye shida za kweli, waliokuja kumtafuta Mungu. Ukiuambia umati kwamba muujiza uko kwenye kipande kimoja cha ardhi, umeshawaambia pia kwamba atakayechelewa ataukosa. Baada ya hapo hakuna mhudumu wa mlangoni atakayewazuia. Kwa hiyo kwenye mkutano wa hadhara usiweke kitu cha kugombaniwa. Gawa waombaji kwenye vituo kadhaa, watu waje kwa safu, milango yote ibaki wazi, wazee na wenye watoto watangulie.

4. "Msiguse masihi wa Bwana", yaani mtiwa mafuta wake, si ngao ya mtumishi anayeulizwa matumizi ya sadaka. Zaburi 105:15 inawataja mababa wasidhuriwe na wafalme. Daudi aliposema hivyo juu ya Sauli, alikataa kumuua. Hakukataa kumwambia makosa yake. Na Daudi huyo huyo, mtiwa mafuta, alikemewa na nabii Nathani uso kwa uso, akatubu.

5. Mgonjwa. Yakobo 5:14 inataka aite wazee, kwa hiyo msiende bila kuitwa, wala mmoja peke yake. Msikilizeni kwanza, kama ana la kutubu, mpeni nafasi. Ombeni, kisha tone moja kwenye kidole gumba cha anayepaka, mpakeni paji la uso, basi. Mstari wa 15 unasema kuomba kwa imani ndiko kutakakomwokoa. Msimnyweshe, msipake kidonda. Wodini muombeni nesi ruhusa, na kama mgonjwa ana mipira ya oksijeni puani, acheni mafuta kabisa: mafuta na oksijeni vinaweza kushika moto. Mpakeni mwanamke akiwa na ndugu yake au mama wa kanisa karibu. Kwa Wakatoliki, mpako wa wagonjwa hutolewa na padri, kwa paji la uso na mikono, na tangu 1972 Papa Paulo wa Sita aliruhusu mafuta mengine ya mimea pale zeituni isipopatikana. Msiwapake wagonjwa wao kama mbadala wa sakramenti, mwiteni padri.

Chupa ya mililita 30 inatosha miezi. Iwe ya rangi nyeusi, ikae kabatini, kwa maana joto na mwanga wa Dar huchachusha zeituni haraka. Yakinuka, mwageni mnunue mengine.

Na kabla hamjatoka chumbani kwa mgonjwa, muulizeni kama amemeza dawa zake za leo. Za presha, za sukari, ARV, zote. Akisema ameziacha kwa sababu ameombewa, kaeni naye mpaka azimeze.